Simu kwenye redio ya gari: transmita ya FM, AUX, flashi, Bluetooth au uweke redio ya Android?

Watu wengi wakiagiza gari Japani wanaangalia kilomita, gredi ya mnada, rangi, na kama kuna kamera ya nyuma. Redio haikumbukwi na mtu mpaka siku gari limetoka bandarini, unawasha unakuta maandishi yote ya Kijapani, FM inaishia 90, tundu la CD lipo ila CD zenyewe nani anazo siku hizi, na simu yako imejaa nyimbo haina pa kuingilia. Ukiuliza watu kila mmoja anakuapia kuwa njia yake ndio yenyewe, kumbe yeye ana IST ya 2004 na wewe una Fielder ya 2013, na hayo magari kwa upande wa redio hayafanani hata kidogo.

Hapa nimezipanga njia zote zinazotumika sana, kila moja kwa vipimo vilevile. Ipi kali kuliko zote sitasema maana haipo, ila utaona kwamba gari lako lenyewe linachuja nusu ya hizi njia kabla hujatoa hata shilingi.

Tunapima nini

Cha kwanza, redio uliyonayo inapokea nini. Hiki ndio kinaamua mengi na ndio watu wanakiruka. Cha pili sauti, na hapa tuwe wakweli, spika za karatasi zilizokuja na Vitz hazitakuonyesha tofauti zote ambazo mtu mwenye sabufa na amplifaya anazisikia, kwa hiyo usinunue ubora ambao gari lako haliwezi kuutoa. Cha tatu usumbufu wa kila siku, yaani ukishaingia ndani ni hatua ngapi mpaka mziki utoke. Cha nne simu zinazoingia na chaji. Cha tano hela, na hapo hesabu na ya fundi na ya bando.

Bando wengi wanalisahau. Mziki wa mtandaoni wa kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, unakula karibu MB 58 kwa saa, ukipandisha kiwango mpaka 320 unafika MB 144. Kama unakaa foleni ya Mbagala asubuhi na jioni, piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Na ukiwa unasikilizia YouTube na video yake inacheza wakati simu imelala kwenye kiti, hizo hesabu zinaruka mara kadhaa bila mtu hata kuiangalia hiyo video.

Kagua gari kwanza, dakika tano tu

Kaa ndani, washa redio, tafuta kitufe kilichoandikwa AUX, VTR, USB, BT au AUDIO, bonyeza kila kimoja uone kinakupeleka wapi. Fungua dashibodi ya kushoto na kile kisanduku cha kuegemea mkono katikati, matundu mengi yamefichwa humo na kuna watu wanatembea na AUX mwaka mzima hawajui kama wanayo. Halafu zungusha FM mpaka mwisho uone inaishia namba gani. Maandishi ya Kijapani yasikutishe, fungua Google Translate kwenye simu, elekeza kamera kwenye skrini, inakusomea, sio vizuri sana lakini menyu utaielewa.

Na kama skrini imegoma inakuomba kadi ya SD ya ramani au paswedi, hilo ni jambo lingine, nitalifikia kwenye redio ya Android.

1. Transmita ya FM

*Redio iwe na nini:* FM tu basi. Ndio maana hiki kidude kinauzwa kila kona kuanzia Kariakoo mpaka Luthuli Avenue kule Nairobi. Unakichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, simu inaungana nacho kwa Bluetooth, chenyewe kinarusha mawimbi madogo ya FM na redio yako inayadaka kama inavyodaka kituo chochote.

Tatizo ni masafa. Transmita nyingi zinarusha kuanzia 87.5 mpaka 108, redio za Kijapani zinadaka 76 mpaka 90. Kwa nini? Kule kwao juu ya 90 palikuwa pa TV, chaneli ya 1 mpaka ya 3 zilikaa hapo hadi walipoanza kuzima analogia 2011, FM yao ikaruhusiwa kupanda mpaka 95 kuanzia mwishoni mwa 2014. Redio iliyotengenezwa kabla ya hapo mara nyingi haina habari na huko juu. Ukiweka hizo namba mbili pamoja unakuta transmita na redio vinakutana kwenye kipande cha 87.5 mpaka 90 tu, na kama uko Dar hicho kipande ndio chenye foleni, East Africa Radio wapo 88.1, Clouds 88.5, Wasafi 88.9, na hao wanarusha kwa mitambo mikubwa wakati chako kina nguvu ya kufika kwenye antena ya gari lako tu. Unajibanza pembeni, unatafuta mahali panapotoa shshsh tupu bila sauti ya mtu, unaweka hapo. Ukisafiri kwenda Moro au Tanga pale ulipokuwa umejibanza unamkuta mwenye pake, unaanza kutafuta tena huku unaendesha, kitu ambacho sikipendi.

Kama gari lilishafungwa ekspanda ya FM, yaani kale kaboksi kanakokaa kati ya antena na redio nyuma ya dashibodi, kuna ujanja. Ekspanda inashusha masafa kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Ya 14 kwa mfano inakufanya EFM ya 93.7 uipate kwenye 79.7. Kwa hiyo na transmita yako ukiiweka tuseme 97.0, kama hapo ulipo hakuna kituo, kwenye redio ukaitafute 83.0 na utakuta pametulia kuliko kule chini ya 90. Wengi hawajui hili wanasema transmita mbovu, kumbe wanaitafuta kwenye namba ambayo redio yao haina.

*Sauti:* ya mwisho kwenye orodha hii yote. FM yenyewe inakata sauti kali za juu kama kwenye kilohezi 15, halafu ongeza na kuchafuka kwa hewani. Mahubiri, mpira, podikasti, haina shida. Singeli yenye besi nzito, ukiweka volyumu ya simu mwisho inakoroma, ishushe kidogo af pandisha ya redio.

*Usumbufu:* ikishakaa sawa ni mdogo, gari likiwaka inaungana yenyewe. Nyingi zinapokea flashi au memori kadi pia.

*Simu na chaji:* unaongea kupitia maiki yake ila mtu wa upande wa pili anakusikia kama uko kwenye pipa. Chaji ipo, zile ampea zilizoandikwa kwa herufi kubwa zisome kwa tahadhari. Wa malori wakumbuke gari lao ni volti 24, hakikisha kimeandikwa 12 mpaka 24.

*Hela:* ndogo, na fundi hahitajiki. Kwa bei ya redio moja ya Android unanunua hivi vingi tu.

*Inamfaa:* mwenye redio ya zamani isiyo na tundu lolote, mwenye gari la kuazima au la kukodi, na ambaye hataki dashibodi iguswe.

2. Waya wa AUX, na VTR humohumo

*Redio iwe na nini:* tundu la milimita 3.5, au VTR. Kwenye Toyota nyingi za Kijapani zenye navi, yaani skrini ya ramani, utakuta kitufe cha VTR ambacho kiliwekwa kwa ajili ya kuingizia picha na sauti ya nje, na nyuma ya redio soketi yake ipo hata kama kwa mbele hakuna tundu. Fundi anachomeka waya wenye zile pini tatu, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti, wewe unahitaji hizo mbili tu. Hii ni kazi ya muda mfupi ya kuvua redio na kurudisha, sio ya kukata nyaya. Kwa redio zisizo na AUX wala VTR ila zilitengenezwa kukubali CD chenja, yaani kile kiboksi cha kubadilisha CD nyingi, kuna viboksi vinavyochomekwa kwenye soketi ya chenja na kujifanya vyenyewe ndio chenja, vinakupa AUX na mara nyingi na USB. Ni vizuri sana ila lazima kiendane na soketi yako, piga picha nyuma ya redio kabla ya kwenda dukani.

*Sauti:* safi. Hakuna hewani, hakuna kubana faili mara ya pili, kinachotoka kwenye simu ndio kinaingia kwenye redio. Weka simu karibu na mwisho halafu tumia kitufe cha redio kupandisha na kushusha, ukifanya kinyume unapandisha na kelele.

Kero yake inajulikana na kila aliyeitumia, ukichomeka chaja ya gari na AUX kwa pamoja unasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka jinsi unavyokanyaga mafuta. Spika sio mbovu na simu sio mbovu, ni ethi ya chaja na ethi ya redio zimeungana kwa njia mbili na alteneta inasikika humo katikati. Chomoa chaja mlio unakufa, ndio kipimo chake. Kuna kifilta kidogo kinakaa katikati ya waya wa AUX kinaumaliza, bei yake ya kawaida, usikubali mtu akuuzie redio mpya kwa sababu ya huo mlio.

*Usumbufu:* waya unaning'inia kwenye gia, unavunjika shingoni, na simu za siku hizi hazina tundu. iPhone walilitoa kuanzia iPhone 7 ya 2016, unahitaji adapta ya Lightning, au ya Type-C kama ni iPhone 15 kwenda mbele. Kwa Android za Type-C angalia adapta ina chipu ya sauti ndani yake, zile za bei ya chini kabisa ni waya tu na simu nyingi hazitoi sauti humo. Wenye Tecno na Infinix wengi wana bahati, modeli kibao bado zina tundu la kawaida.

*Simu na chaji:* simu ikiingia sauti inatoka kwenye spika, unaongelea maiki ya simu yenyewe. Kwa simu zenye tundu moja, chaji na mziki kwa pamoja ni mpaka ununue adapta ya matundu mawili.

*Hela:* kama tundu lipo ni bei ya waya tu.

*Inamfaa:* anayejali sauti, na gari la familia ambalo kila mtu anataka zamu yake, unampasia waya tu hakuna kuungana na kufuta simu ya mtu.

3. Kaseti adapta

Hii nitaipita haraka. Kama una Mark II au Corolla ya miaka ya 90 yenye kaseti inayofanya kazi, ile kaseti yenye waya bado inapatikana ukiisaka. *Sauti* yake inaizidi transmita kwa utulivu, hakuna kituo kitakachokuingilia. *Usumbufu* ni kwamba deki zinazojigeuza zenyewe huwa zinaitema au zinahamia upande wa pili ambao hauna kitu, wakati mwingine kuigeuza upande inasaidia. *Simu na chaji* ni sawa na AUX. *Hela* ndogo. *Inamfaa* mwenye gari la aina hiyo ambaye hataki kuharibu muonekano wake, na wapo, wanazitunza vizuri kweli. Tundu la MD, yale ya diski ndogo, usichanganye na kaseti, hakuna adapta ya hivyo.

4. Flashi, na waya wa USB

*Redio iwe na nini:* USB inayosoma mziki. Kuna magari yana USB ya kuchajia tu, hizo hata uchomeke nini redio haitaona.

Hapa simu inakaa pembeni kidogo, unajaza nyimbo kwenye flashi na kuiacha humo. Vijana wataicheka lakini ukitoka Dar kwenda Mbeya kuna vipande vya njia mtandao unakata, mwenye flashi yeye hana habari. GB 32 kwa nyimbo za dakika nne kwa kiwango cha 128 inabeba nyimbo elfu nane hivi, utachoka wewe kabla yake.

*Sauti:* nzuri sawa na AUX au zaidi, redio inasoma faili yenyewe. Ila sauti itakuwa nzuri kama faili ni zuri. Nyimbo zilizopitia WhatsApp na kubanwa mara tatu haziwi nzuri kwa sababu umeziweka kwenye flashi.

*Usumbufu:* maandalizi. Redio nyingi za zamani zinataka flashi ifomatiwe kwa mpangilio wa FAT32, ukiipeleka exFAT au NTFS inaandika eror. Kwenye Windows ya kawaida flashi kubwa kuliko GB 32 huwa haikupi FAT32 kwenye ile menyu ya kufomati, ndio maana wazoefu wananunua ya 32 au 16 na kuishia hapo. Nyimbo ziwe MP3, zile unazozishusha mtandaoni zikaja M4A au Opus redio nyingi zinaziruka kimya kimya. Na usimwage nyimbo zote folda moja, redio zina ukomo wa mafaili kwa folda na kinachozidi hakionekani, panga kwa msanii au kwa aina, taarab kwake, injili kwake, bongofleva kwake, dereva anakushukuru.

Sasa wengi wanachomeka simu yenyewe kwenye USB wanaona inachaji tu, hakuna nyimbo. Redio za zamani zinatafuta kitu kinachojitambulisha kama flashi, simu za Android siku hizi zinajitambulisha kwa njia nyingine ambayo hizo redio haziijui. iPhone ina nafuu kidogo kwa redio zilizoandikwa iPod, zinasoma na kuchaji kwa waya mmoja.

*Simu na chaji:* simu zinazoingia hazihusiani na redio kabisa, na kuna watu hiyo ndio raha yao.

*Hela:* bei ya flashi, na bando sifuri.

*Inamfaa:* wa safari ndefu, gari la kazi lenye madereva wa kupokezana, bodaboda ya magurudumu matatu yenye kiredio chake, mzee ambaye hataki kabisa habari za kuunganisha. Pia hakuna aliyepigwa faini na trafiki kwa kushika flashi.

5. Bluetooth

*Redio iwe na nini:* Bluetooth ya mziki, na hapo ndipo penye mtego. Redio nyingi za Kijapani zimeandikwa Bluetooth lakini ni ya kupigia simu tu, mziki haipokei, zile ni huduma mbili tofauti ndani ya Bluetooth hiyohiyo. Ukiona kwenye menyu ya vyanzo vya sauti kuna BT AUDIO una bahati, kama kuna alama ya simu tu basi utapiga simu vizuri na mziki utaendelea kuutafuta. Kuunganisha, simamisha gari, vuta hendibreki maana Toyota nyingi hazikubali gari likiwa linatembea, namba ya siri jaribu 0000 au 1234.

Kama redio haina lakini AUX ipo, unanunua risiva ndogo ya Bluetooth inayochomekwa kwenye AUX. Huu kwa maoni yangu ndio muunganiko ambao watu wangeujua mapema wasingenunua transmita. Sauti inapita kwa waya kuingia kwenye redio, hakuna kugombania masafa na Clouds. Kasoro yake, zenye betri zinataka kuchajiwa na zinazokula umeme wa gari zinaweza kuleta ule mlio wa alteneta, dawa ni kifilta kilekile.

*Sauti:* nzuri. Inabanwa kidogo njiani na mtu mwenye sikio na spika za maana ataiona tofauti na waya, kwa spika za kiwandani sidhani.

*Usumbufu:* mdogo kuliko zote, simu ikiwa mfukoni mziki unaanza. Ila mkiwa wawili wenye simu zilizowahi kuungana, gari linachagua ya kwanza kuiona. Na video inachelewa, mdomo unafunguka sauti inakuja baadaye, kwa mziki haina neno.

*Simu na chaji:* hapa ndipo inapozishinda zote, mikono yako iko kwenye steringi. Lakini kumbuka gari zima linasikia. Mtu anakudai, mama mkwe yuko kiti cha nyuma, simu inaita na inapokelewa kwenye spika nne. Voisi noti za WhatsApp nazo hivyohivyo. Chaji inabaki shughuli ya waya mwingine.

*Hela:* bure kama ipo, na risiva ya AUX iko bei za transmita.

*Inamfaa:* anayepigiwa simu sana akiwa barabarani, dereva wa mtandaoni ambaye ramani inamsemesha muda wote, na anayepanda na kushuka kila dakika kumi.

6. Redio ya Android au yenye CarPlay

*Redio iwe na nini:* haijalishi, inatoka. Ya kwako inavuliwa, inawekwa skrini ya inchi 7, 9 au 10 pamoja na fremu yake.

Kuna wanaofika hapa kwa kupenda na kuna wanaofika kwa kulazimika. Wa kulazimika ni wale ambao fundi alitoa betri kidogo tu, redio ya Kijapani ikaona umeme umekatika ikajifunga inaomba kodi, yaani namba ya siri, au kadi ya SD ya ramani ilibaki Japani na skrini haiendi popote bila hiyo. Kufungua kodi kunawezekana, wapo wanaofanya kazi hiyo, ulizia bei kabla ya kuamua kutupa redio. Ila ukishafungua bado una FM ya 76 mpaka 90 na menyu ya Kijapani, kwa hiyo wengi wanaona bora wabadilishe.

*Sauti:* inategemea sana. Zipo Android zenye amplifaya dhaifu kuliko redio ya Toyota uliyoitoa, skrini inang'aa na besi imepotea. Wati zilizoandikwa kwenye boksi usizikumbatie, omba usikilize dukani. FM yake inafika 108, hilo peke yake kwa mtu wa gari la Japani ni ukombozi.

*Usumbufu:* kuna kusubiri iwake kama simu inavyowaka. Yenye RAM ya GB 1 inakwama ukifungua ramani na mziki pamoja, anzia 2 na kama mfuko unaruhusu 4. CarPlay ilitoka 2014 na inataka iPhone 5 kwenda mbele, Android Auto ikafuata 2015, zote zinakuletea ramani na nyimbo za simu kwenye skrini kwa mpangilio wa vitufe vikubwa, na kwa maoni yangu ukiwa na hizo huhitaji kupakua apu yoyote ndani ya redio yenyewe, ukubwa wa memori unaacha kuwa ishu. Kuunganisha bila waya kunategemea na simu na redio, Android Auto ya bila waya inaenda kirahisi kuanzia Android 11.

Fundi ndio nusu ya hii biashara. Toyota na Daihatsu nafasi yao ya redio ni pana, milimita 200, Nissan, Honda na Mazda ni kama 178, ukinunua skrini bila fremu ya gari lako utaona uwazi pembeni ambao hata silikoni haifichi. Nyaya: ya njano ni umeme wa muda wote, nyekundu ni ule unaokuja ukiwasha swichi, nyeusi ni ethi. Fundi akiunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa swichi, redio inasahau setingi kila ukizima gari. Akiziunga zote kwenye umeme wa muda wote, inakula betri usiku na asubuhi unasukuma gari. Akitaka kukata soketi ya gari mkatalie, soketi za kuchomeka moja kwa moja zipo, na siku unauza gari unataka kurudisha redio ya mwanzo. Muulize pia kamera ya nyuma na vitufe vya steringi vitaendelea kufanya kazi au anaviacha vinaning'inia.

*Simu na chaji:* kamili, mradi maiki imewekwa karibu na dereva na sio kuachwa nyuma ya dashibodi.

*Hela:* kubwa kuliko zote, ongeza fremu, soketi, fundi, na bando. Ongeza na kitu kingine, skrini ya inchi 10 inaonekana na wasiohusika, unapopaki usiku pachague vizuri.

*Inamfaa:* anayekaa na gari miaka, anayetumia ramani kila siku, na aliyefungiwa redio ya Kijapani.

Kwa hali yako sasa

Gari la Japani, redio ya kawaida, haina AUX wala USB, na hela hazijakaa vizuri: transmita ya FM, na jifunze ule mchezo wa masafa. Kama una ekspanda tumia namba za juu. Ukipata hela kidogo muulize fundi habari za kiboksi cha chenja au VTR kabla hujawaza skrini.

AUX ipo: nunua waya mzuri leo. Ukiona waya unakukera, risiva ya Bluetooth kwenye tundu hilohilo, na waya uache kwenye dashibodi kwa siku risiva imeisha chaji.

Redio ina Bluetooth ya simu tu: iache ifanye kazi ya simu, mziki upeleke kwenye flashi au AUX. Watu wanauza redio nzima kwa sababu ya hili na mimi sioni sababu.

Unasafiri mikoani mara kwa mara: flashi, hata kama una njia nyingine zote. Ukiwa na USB na Bluetooth kwa pamoja, nyimbo zitoke kwenye flashi, simu ibaki ya ramani na kupokea.

Daladala, noah za abiria na magari ya kazi: flashi tena, kondakta asiwe na cha kugusa simu ya mtu, na asipoteze bando la tajiri.

Umeshaamua Android ila gari unaliuza ndani ya mwaka: subiri. Mnunuzi hakulipi hiyo skrini kwa bei uliyoinunulia, na wengine wakiona dashibodi imefunguliwa wanaanza kuuliza nini kingine kimefunguliwa. Kama hata hivyo unaiweka, redio ya Kijapani ihifadhi ndani na skrubu zake zote na kadi yake ya SD ikiwa ndani, usimwachie fundi.